SPIKA KWANZA, MAPAMBO BAADAYE

Katika mkutano wa Chama cha Muziki uliofanyika mwanzoni mwa muhula huu tuliambiwa habari njema. Fedha za chama, zilizotokana na michango ya wanachama na viingilio vya tamasha zetu mbili, sasa zatosha kununua vyombo vya gitaa la besi. Papo hapo mabishano yakazuka. Wengine walitaka pedali, tena nyingi, za kila rangi. Wengine walitaka amplifaya yenye wati nyingi kupita zote. Wengine walisema tusinunue kitu, bali besi ichomekwe katika spika za shule. Mkutano ulivunjika pasipo azimio, nasi tumetakiwa kupiga kura katika juma la mwisho la muhula. Kwa kuwa siku ile sikupata nafasi ya kusema, naomba wasomaji waniwie radhi nitoe fikira zangu katika gazeti letu.

Fikira yangu ni hii: tununue kwanza sanduku zuri la spika, pili amplifaya inayolifaa sanduku hilo, na pedali ziwe za mwisho kabisa. Yamkini mtu ataniuliza nina faida gani katika jambo hili. Sina. Mimi ni wa kidato cha nne, na mwezi wa Novemba tutafanya mtihani na kwenda zetu. Vyombo hivyo vitakapofika, huenda nikawa nyumbani nalima. Lakini nina deni katika jambo hili, nami nitalieleza kabla sijamaliza.

Kwanza yafaa tujue besi ni nini. Wengi hudhani kwamba ni gitaa kama gitaa jingine, ila nyuzi zake ni nne na ni nene. Sivyo. Hapo zamani bendi za dansi zilitumia lile zeze kubwa la kusimama, refu kuliko mpigaji wake. Lilikuwa zito kubeba, na mbele ya tarumbeta na ngoma lilimezwa kabisa. Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani alitoa gitaa la besi la umeme lililoitwa Precision Bass, nalo likaenea duniani. Mara moja akaona kwamba gitaa hilo haliwezi kutumia amplifaya za kawaida. Kwa hiyo mwaka 1952 akatoa amplifaya ya besi peke yake, iliyoitwa Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Basi tazameni: yeye aliyelitengeneza gitaa hakumaliza mwaka mwingine kabla ya kulitafutia spika yake. Sisi tunalo gitaa huu mwaka wa tatu, na spika hatujalitafutia.

Sababu yake ni ya fizikia, nayo si ngumu. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, ukipigwa mtupu, hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41, yaani nusu yake. Sasa spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa mbele na nyuma kwa karatasi yake. Ili sauti ya chini iwe na nguvu sawa na ile iliyo juu yake kwa oktava moja, karatasi hiyo sharti iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Spika ya gitaa la solo haikuumbwa kwa mwendo huo. Karatasi yake ni nyepesi na mwendo wake ni mfupi. Ukiilazimisha italia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, halafu itachanika. Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu. Hapa kwetu haikudumu hata wimbo wa tatu.

Wote waliokuwapo katika mahafali ya mwaka jana wanakumbuka. Tulichomeka besi katika amplifaya ndogo ya gitaa la solo, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo. Wageni waliokaa nyuma ya bwalo wakasema besi haisikiki. Katika wimbo wa pili sauti ikaongezwa. Katika wimbo wa tatu pakatoka mlio wa kukwaruza, kisha kimya. Tulimaliza nyimbo zilizobaki bila besi, na wazazi wakarudi vitini mmoja mmoja, maana dansi isiyo na besi ni kama ugali usio na chumvi wala mchuzi. Kesho yake ilisemwa kwamba chombo kiliharibiwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, kwa kuwa ndiye aliyekunja waya usiku ule. Akaondolewa katika chama.

Wanachama wenzangu, si yeye. Aliyeongeza sauti ni mimi. Mkono uliogeuza kile kitufe mpaka mwisho ni huu unaoandika maneno haya. Siku ile nilidhani kwamba kama sikusema neno jambo litasahauliwa, na kweli likasahauliwa na watu wote isipokuwa yeye na mimi. Nimekwisha kumwambia mwalimu mlezi wa chama kabla ya kuandika haya, na mdogo wetu yule nimemwomba radhi mbele ya wenzake wa bweni. Nilipomwomba arudi katika chama alijibu kwamba atafikiri. Ana haki ya kufikiri. Nami nasema haya hapa kwa sababu lawama ilitolewa hadharani, na yafaa iondolewe hadharani. Tena nataka ijulikane kwamba chombo kile hakikuharibiwa na utundu, bali na ujinga wetu sote tuliodhani kwamba amplifaya ni amplifaya tu.

Sasa nirudi katika kununua. Sanduku la spika ndilo kinywa cha besi. Katika kulichagua watu hukosea mambo mawili. Kosa la kwanza ni kutazama ukubwa wa spika tu. Husemwa kwamba spika ya inchi 15 sharti itoe sauti ya chini kuliko ya inchi 10. Si lazima. Jinsi sanduku lilivyoundwa, ukubwa wa nafasi yake ya ndani, na kama limezibwa kabisa au lina tundu la kupumulia, hayo yote yana neno. Sanduku lililopata kusifiwa sana katika majumba makubwa, lile la Ampeg lililotoka pamoja na amplifaya ya SVT ya wati 300 mwaka 1969, lilikuwa na spika nane za inchi 10 tu, nalo lilitetemesha viwanja. Tena tujue kwamba sanduku haliwezi kupata mambo matatu kwa pamoja: kuwa dogo, kushuka chini sana, na kutoa sauti kubwa kwa nguvu chache. Mawili utayapata, la tatu utalikosa. Muuzaji akikuambia kwamba sanduku lake dogo kama begi lina yote matatu, funga mfuko wako.

Kosa la pili ni kuzitazama wati peke yake. Baadhi yetu katika mkutano walizitaja wati kama wanavyotaja magoli. Lakini sikio la binadamu halihesabu hivyo. Ukiongeza nguvu maradufu, toka wati 100 mpaka 200, sauti hupanda desibeli 3 tu. Utasikia tofauti, lakini ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, yatakiwa nguvu mara kumi hivi. Masanduku yenyewe hutofautiana. Nyuma ya sanduku, au katika karatasi yake ya maelezo, aghalabu huandikwa kwamba kwa wati 1, umbali wa mita 1, hutoa desibeli kadhaa. Sanduku lenye desibeli 100 likipewa wati 100 hutoa sauti sawa na sanduku la desibeli 97 lililopewa wati 200. Basi mwenye kununua sanduku bora amepata wati 100 za bure. Na baadaye tukipata fedha, tukaongeza sanduku la pili la aina ileile, sauti itapanda tena kati ya desibeli 3 na 6. Hiyo ndiyo njia ya kukua pole pole bila kutupa kilichonunuliwa kwanza.

Lakini hapo pana hatari, na wale waliosinzia katika somo la umeme waamke. Masanduku mengi yana ukinzani wa omu 8 au omu 4. Ukiunganisha mawili ya omu 8 kwa njia sambamba, kama inavyokuwa kwa kawaida, jumla huwa omu 4. Mawili ya omu 4 huwa omu 2. Kila amplifaya imeandikwa nyuma yake omu ndogo kabisa inayoweza kuvumilia. Ikiandikwa 4 nawe ukaipa 2, umeme mwingi kupita kiasi utapita, chombo kitachemka, na kitazimika au kuungua. Kwa hiyo shauri langu ni tununue sanduku la omu 8, ili siku ya kuongeza ndugu yake tuweze.

Juu ya amplifaya nina maneno machache. Ziko za vali, zile zenye taa za kioo, nazo zina sauti tamu sana, lakini ni nzito, ni ghali, vali zake huchoka, na haifai hata kidogo kuziwasha bila spika kuunganishwa. Hizo si za shule ya bweni ambamo vyombo hubebwa na watoto wa kidato cha kwanza kupanda ngazi za bwalo. Siku hizi ziko ndogo ambazo mtu hubeba kwa mkono mmoja, zikatoa wati 300 au 500. Moja ya namna hiyo, ya wati 300 hivi, yatutosha kabisa. Jambo la kutazama kabla ya sifa zote ni volti. Umeme wetu ni wa volti 230. Chombo cha mitumba kilichotoka Marekani huenda kikawa cha volti 120 tu, na ukikichomeka hapa kitatoa moshi kabla hakijatoa sauti. Iandikwe katika azimio letu kwamba mtu asilipe hata senti kabla ya kusoma maandishi ya nyuma.

Kadhalika waya. Waya wa kutoka gitaa kwenda katika amplifaya ni mwembamba ndani, umefunikwa kwa wavu wa kuzuia mivumo. Waya wa kutoka amplifaya kwenda katika spika sharti uwe mnene, kwa maana hupitisha umeme mwingi. Plagi zake mara nyingine hufanana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Anayetumia waya wa gitaa kwa kazi ya spika anaupika, na huenda akaipika na amplifaya. Waya mbili zifungwe utepe wa rangi mbalimbali, na kijana wa kidato cha kwanza afundishwe siku ya kwanza anapoingia chamani. Laiti nasi tungalifundishwa hivyo.

Sasa nizijie pedali, ambazo najua zina wapenzi wengi. Sizichukii. Pedali ya kupasua sauti, pedali ya oktava, pedali ya kuifanya besi iwe kama watu wawili, zote zina utamu wake. Lakini ni kama binzari na karafuu, haziwi chakula. Ukitia sauti ya ajabu katika spika mbovu, utapata ubovu wa ajabu. Pedali nyingi za kupasua sauti huila ile sauti ya chini, ndiyo maana zilizotengenezwa kwa besi huwa na kitufe cha kuchanganya sauti safi na iliyopasuliwa. Aliyeazima pedali ya gitaa la solo atashangaa kuona kwamba kadiri anavyokanyaga, ndivyo besi inavyotoweka katika bendi.

Wapigaji wakubwa walitangulia bila vitu hivyo. James Jamerson, aliyefariki mwaka 1983, alipiga besi katika nyimbo nyingi zilizotolewa na kampuni ya Motown mjini Detroit katika miaka ya 1960. Gitaa lake lilikuwa Precision, nyuzi zake alizibadilisha kwa nadra sana, kidole cha shahada kimoja ndicho kilichofanya kazi, na mara nyingi gitaa lilipelekwa moja kwa moja katika mitambo ya kurekodia. Dunia nzima ilicheza. Sauti yake ilikuwa vidoleni na kichwani, si miguuni.

Ikiwa fedha zitabaki, ningependa tununue pedali kwa taratibu hii. Ya kwanza ni ya kupatanisha nyuzi. Haina sifa, haitoi mlio wo wote, lakini besi isiyopatana huharibu bendi nzima, na katika kelele za bwalo sikio peke yake hudanganywa. Ya pili ni ile ya kusawazisha sauti, inayozuia noti kali zisiruke na kuzinyanyua zilizo dhaifu. Hiyo yaweza kuilinda hata spika. Baada ya hizo mbili, mwenye kutaka viungo atie. Pedali nyingi zataka volti 9, na kila moja hula miliampea zake; tukinunua chombo kimoja cha kuzilisha zote, tujumlishe miliampea hizo kwanza. Na kwa zile zinazotumia betri, mpigaji achomoe waya wa kuingizia anapomaliza, maana nyingi huendelea kula betri maadamu waya umo.

Nimesikia pia hoja ya wale wasemao tutumie spika za shule. Hoja yao ni ya kubana matumizi, nami naiheshimu. Lakini spika zile ni za parapanda. Zimetengenezwa ili sauti ya Mkuu wa Shule ifike uwanjani siku ya paredi, na kazi hiyo zaifanya vema. Sauti za chini haziwezi kabisa. Besi ikipelekwa huko itasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Kama siku moja shule itapata spika kamili za muziki, basi jambo litakuwa jingine: amplifaya nyingi za besi zina tundu la kupeleka sauti katika mitambo mikubwa, nasi tutalitumia.

Mwisho kuna mambo yasiyotaka fedha. Bwalo letu lina sakafu ya saruji na paa la bati. Ukiliweka sanduku pembeni kabisa, katika kona, sauti ya chini huongezeka na kuvuma. Ukilivuta mbele, hutulia. Tena mpigaji anaposimama karibu na sanduku lililo chini, sauti zake za juu hupita magotini mwake, yeye hasikii vizuri, huongeza, huku walio mbele wakiziba masikio. Liinuliwe juu ya meza imara. Na kama tutanunua cha mitumba, tukijaribu pale pale dukani kwa uzi mnene, taratibu, kisha kwa nguvu. Na karatasi ya spika isukumwe kwa vidole pande zote mbili, polepole. Ikikwaruza ndani, tumshukuru muuzaji na kwenda zetu. Chambilecho watu, cha rahisi ni ghali.

Basi shauri langu kwa wapiga kura ni hili: katika kila shilingi kumi tulizo nazo, tano ziende katika sanduku, tatu katika amplifaya, moja katika waya na nyuzi mpya, na moja ibaki kwa pedali ya kupatanisha. Atakayeniona mchoyo wa mapambo na ajibu katika toleo lijalo. Jibu lake nitaliomba kwa mdogo wangu aliye kidato cha kwanza, anisomee likizoni.

Ombi langu la mwisho si la vyombo. Siku sanduku hilo litakapofika na kuchomekwa kwa mara ya kwanza, naomba yule kijana wa kidato cha pili, ambaye sasa ni wa kidato cha tatu, aitwe apige uzi wa kwanza, kama atakubali. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini si haki mmoja apotee na mwingine achapwe.